Gia za Ndani za Baiskeli ya Wal

Benard Ochola hakuwa mtu wa kuamini kitu kilichofunikwa. Akiingia jikoni, kabla hajakaa, mkono wake ulikuwa tayari kwenye mfuniko wa sufuria. Marehemu mkewe alimkanya miaka yote ya ndoa yao, akamweleza kwamba ule mvuke anaouachilia ndio unaoivisha wali, lakini wapi. Ochola alitaka kuona. Redio ikikwaruza aliifungua. Saa ya ukutani ikichelewa aliifungua pia, na baadhi ya saa hizo hazikufungika tena. Ilikuwa heri kwake na kwa majirani zake kwamba riziki yake ilitoka kwenye baiskeli, maana baiskeli haina pa kujificha. Ukiinama tu umeiona yote, kuanzia pedali mpaka spoki ya mwisho.

Kibanda chake kilikuwa Lodwar, kando ya barabara iendayo Kanamkemer. Alikuja huko kutoka Ahero akiwa kijana wa mjengo. Mjengo ukaisha, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki, na ukimuuliza kilichombakisha alikuwa na jibu tofauti kwa kila muulizaji. Waturkana wakipita walimwambia "Ejok, fundi," naye akajibu "Ejok-noi" kwa lafudhi nzito ya Kijaluo iliyowachekesha wanawake waliouza makaa jirani yake kila asubuhi kana kwamba hawajawahi kuisikia.

Mtu huyu alipenda gia za nje kupita kiasi. Sijui kama umewahi kuzitazama kwa makini. Kando ya gurudumu la nyuma kuna visahani vya meno vilivyopangwa kwa ngazi, vikubwa kwa vidogo, na chini yake unaning'inia mkono wa chuma wenye vigurudumu viwili. Ukisukuma kijiti kilicho kwenye fremu, waya unauvuta ule mkono, nao unairusha cheni kutoka ngazi moja hadi nyingine. Ngazi kubwa ni ya mlima, ndogo ni ya tambarare. Yote hufanyika mbele ya macho yako. Ochola angeweza kuiinua baiskeli, akazungusha pedali kwa mkono na kubadilisha gia moja baada ya nyingine, huku akitabasamu peke yake kama mzazi anayemtazama mwanawe akila.

Gia za ndani zilikuwa habari nyingine. Hizo hukaa zote ndani ya kitovu cha gurudumu, zimezibwa, na kwa nje huoni ila kitovu kinene kisichosema lolote. Aliwahi kuziona Kisumu ujanani mwake, kwenye baiskeli ya mwalimu mmoja, na fundi aliyezifungua hakuweza kuzirudisha. Tangu siku hiyo Ochola alizichukulia kama alivyowachukulia watu wanaofunga milango mchana.

Mwaka wa 2012, wakati Lodwar nzima ilikuwa ikizungumzia mafuta yaliyopatikana chini ya ardhi ya Turkana na pikapu nyeupe za wageni zikitifua vumbi kila pembe, Ochola alianza kwenda Kakuma kutafuta vyuma. Katika kambi ya wakimbizi ya huko kulikuwa na baiskeli za kila nchi, zilizoachwa na wamishonari na watu wa misaada walipokuwa wakirudi kwao. Alisafiri na Ebei, Mturkana mcheshi aliyebeba samaki wakavu kwa pikapu yake kutoka Kalokol, huko ziwani, na kwenda kuwauza Kakuma. Siti ya mbele Ebei aliwawekea akina mama wenye watoto, kwa hiyo fundi alipanda juu ya magunia, akashika kamba, akasali. Alifika Kakuma akinuka Kalokol nzima, na paka wa kambi walimpenda sana.

Hivyo ndivyo alivyofika kwa Awut siku ya kwanza. Awut alikuwa mjane, Mdinka wa kutoka Bor, Sudan Kusini, mrefu kiasi kwamba Ochola ilimbidi ainue kidevu kumsalimia. Alipika chai ya tangawizi na kukaanga mandazi katika kibanda cha udongo na mabati. Watu walimwita Mama Akon, kwa jina la bintiye aliyekuwa akisoma shule ya bweni huko Kitale, na karo ya Akon ilitoka kwenye mandazi hayo. Ochola aliagiza chai. Awut akafungua sanduku la sukari kwa ufunguo uliofungwa kwenye kicheni chembamba sana, cha pingili chache, kilichoishia kwenye kijiti cha chuma. Ochola alikiona, akadhani ni pambo, akageuza macho. Ndipo alipoiona baiskeli iliyoegemea ukuta, akasahau chai.

Ilikuwa baiskeli nyeusi, ndefu kama mwenyewe, yenye karia pana nyuma. Na katikati ya gurudumu la nyuma kulikuwa na kile kitovu kinene.

"Mama Akon," Ochola akasema, "hii kitu ulitoa wapi?"

Ilikuwa ya Wal, mumewe. Wal alikuwa katekista, na padri mmoja aliyekuwa akirudi Ulaya alimwachia. Ng'ambo ya laga, yaani ule mto mkavu unaokata kambi, kulikuwa na kanisa na shule, na ukingo wa upande ule ni mwinuko wa kokoto unaotoa watu jasho. Wal alikuwa akiupanda akiwa ameketi, Awut nyuma kwenye karia, tena akiimba wimbo wa kanisa bila kukata pumzi. Kisha Wal akaugua, akafa. Awut alijifundisha kuendesha ili apeleke mandazi shuleni, kwa kuwa walimu walikuwa wateja wake wakubwa, lakini ule ukingo ulimshinda tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi alifika chini yake, akakanyaga mara chache, miguu ikagoma, akashuka akasukuma. Alisimulia hayo bila kujihurumia. Alisema Wal alikuwa na nguvu na yeye hana, basi.

Ochola alizungusha pedali. Ilikuwa nzito, gia moja tu, ngumu. Akatafuta kijiti cha kubadilishia kwenye usukani, hakuna. Akatafuta waya, hakuna. Kwenye ncha ya ekseli kulikuwa na tundu dogo lililojaa vumbi, na hakuona kingine. Akatoa hukumu yake palepale: gia zilikuwamo, lakini zilikuwa zimefia ndani, kama ilivyo kawaida ya vitu vya kujificha. Dawa ni kung'oa gurudumu lote na kumwekea jingine lenye gia za nje.

Awut alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baiskeli hii ya Wal. Wewe safisha. Kutoa kitu, hapana."

Mtu mwingine angesafisha akaenda zake. Ochola alirudi Lodwar na hoja kifuani, na safari iliyofuata akashuka kwenye pikapu akiwa tayari anaongea. Gia ya nje ikiharibika, alisema, unaona imeharibika wapi. Meno yakiisha unabadilisha meno, mkono ukipinda unaunyoosha, na vipuri Lodwar vipo. Awut akauliza kama mchanga hauingii. Ochola akakiri kwamba unaingia, lakini unapigwa mswaki. Kila siku? Karibu kila siku. Awut akacheka kwa pua na kumwongezea chai. Yeye hakujua lolote kuhusu gia, lakini baiskeli yake ilikuwa imekaa kwenye vumbi la Kakuma miaka mingi na cheni yake ilikuwa ileile, imenyooka, haijawahi kuruka. Fundi alikuwa na jibu gani kwa hilo? Fundi akaomba mandazi.

Mabishano hayo yalidumu miezi. Ebei alianza kumchokoza njiani kwamba vyuma vyote vya Kakuma vimekwisha isipokuwa vya pale kwa mama wa chai. Ochola alikana. Tuseme ukweli: alimpenda Awut. Alipenda anavyomkatalia bila kupandisha sauti, alipenda anavyommiminia chai kutoka juu bila kudondosha tone, na Jumapili kanisani Lodwar alijikuta akitafuta hoja mpya za gia wakati wenzake wakiungama.

Mwishowe aliamua kumwonyesha kwa vitendo. Alipakia baiskeli yake mwenyewe juu ya magunia ya samaki, ile yenye gia za nje alizozisugua mpaka zikang'aa, akaenda nayo lagani. Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye vishimo walisimama kutazama. Ochola alishuka ukingo wa huku kwa mbwembwe, upepo ukipeperusha shati. Gia ya nje ina masharti yake: haibadiliki mpaka magurudumu yawe yanazunguka, na ni lazima ubadilishe mapema. Ochola alijua hivyo kuliko mtu yeyote kaskazini mwa nchi hii, lakini siku hiyo alikuwa anatazamwa. Aliingia kwenye mchanga laini na gia ya tambarare, gurudumu likazama, akasukuma kijiti kwa pupa, na cheni ikaruka ngazi zote, ikajibana kati ya meno na spoki. Fundi akalala ubavu taratibu, pamoja na baiskeli yake inayong'aa.

Awut alicheka mpaka akashika goti. Ochola hakuwa amemwona akicheka hivyo kabla, na akiwa bado chini, mchanga mdomoni, alijiambia kwamba ameanguka kwa faida.

Lakini shida ya Awut haikuwa ya kuchekesha. Mwaka mpya ulipoanza, Mwalimu Wainaina, naibu wa mkuu wa shule ile ya ng'ambo, mtu aliyetoka Nyandarua na adabu yake ya saa, alimwita kando. Alimwambia kwa upole kwamba walimu wamechoka kunywa chai bila kitafunio kwa sababu mandazi hufika kengele imeshalia. Alikuwa amemvumilia kwa heshima ya Wal. Kulikuwa na muuzaji mwingine mwenye pikipiki aliyekuwa akingojea nafasi hiyo. Awut alimsimulia Ochola huku akikanda unga, na safari hii hakumtazama usoni. Alisema angeamka mapema zaidi, ila tayari alikuwa akiamka na jogoo wa kwanza.

Ochola aliweka kikombe chini. Akaomba angalau aruhusiwe kuihudumia ile baiskeli vizuri, bila kutoa kitu, na Awut akakubali.

Na hapa ndipo Ulodwar wake ulipomponza. Lodwar adui wa chuma ni vumbi, na dawa ya vumbi ni grisi. Madereva wa malori wanaisindilia kila penye upenyo, mafundi nao wamejifunza kwa madereva, na Ochola alikuwa mwanafunzi bora wa wote. Alilitazama lile tundu kwenye ncha ya ekseli. Tundu lenye umbo zuri namna ile halikutobolewa bure. Akakata shauri kwamba Wazungu walilitoboa kwa ajili ya grisi. Akaazima bomba la grisi ya malori kwa Ebei, akaingiza mdomo wa bomba pale, akapiga mpaka ikakataa kuingia. Kisha akalegeza ubavu wa kitovu na kusindilia na huko. Alipomaliza, gurudumu lilizunguka kimya kabisa. Awut alizunguka nayo kibanda chake, akasema imekuwa tamu. Ochola alirudi Lodwar juu ya magunia akiimba.

Habari zilimfikia kupitia kwa Ebei, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa akitabasamu. Asubuhi moja Awut alifika chini ya ukingo wa laga, beseni la mandazi likiwa kwenye karia, akasimama juu ya pedali akakanyaga kwa nguvu zake zote, na pedali zikazunguka bure kama zinakanyaga hewa. Alianguka mbele juu ya usukani. Goti lilichubuka vibaya, mandazi yakasambaa kwenye mchanga, na mbuzi wa watu wakafanya karamu. Siku ile walimu walikunywa chai kwa mandazi ya mwenye pikipiki. Mwalimu Wainaina alimpa neno la mwisho: shule ilikuwa inakaribia kufungwa, na siku ya kufungua muhula wa pili, mandazi yakiwa mezani kabla ya kengele ya mapumziko, kazi ni yake. Yasipokuwa, basi tena.

"Mama Akon alisema nini kuhusu mimi?" Ochola akauliza.

"Hakuna," Ebei akajibu. "Hakusema kitu."

Hilo ndilo lililomkata maini. Ochola hakwenda Kakuma kwa muda. Alifungua kibanda, akakaa, akafunga. Wateja walileta pancha naye akaziziba bila kupiga gumzo, mpaka wanawake wa makaa wakauliza kama ana malaria. Alikuwa na haya, na haya ya mtu mzima ni ngumu kuliko homa. Alifikiria kuhusu Akon huko Kitale akirudishwa nyumbani kwa sababu ya bomba la grisi. Alifikiria pia jambo jingine alilolionea aibu zaidi, kwamba miezi yote ile alikuwa akitaka kushinda, wakati mama wa watu alikuwa akitaka kupanda ukingo tu. Ilipobaki siku moja shule zifunguliwe, alipiga moyo konde, akafunga vifaa vyake na baiskeli yake kwenye pikapu, akapanda juu ya samaki.

Awut alimkaribisha. Alichechemea kidogo alipokwenda kuchukua kikombe. Alimimina chai kutoka juu, bila kudondosha tone, na kumwambia "malesh, fundi," neno la kwao la kumpa mtu pole, kana kwamba aliyeanguka ni yeye Ochola. Ochola alishindwa kuinywa ile chai.

"Mama Akon, mimi ndiye niliharibu," akasema. "Niruhusu nifungue. Sitatoa kitu. Nitaangalia, nitasafisha, nitarudisha yote. Ikinishinda kurudisha, nitakubebea mandazi kwa mgongo mpaka shule hiyo."

Awut aliweka birika chini. Kisha akaenda kwa jirani yake Both, mshona nguo, Mnuer mpole mwenye miwani ya kamba, akamwomba meza.

Walitandika shuka jeupe. Both alisogeza cherehani yake akakaa karibu, na Awut akasimama nyuma yao. Ochola alijifuta mikono, akakifungua kitovu kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia maishani mwake, akaweka kila kipande kwenye shuka kwa mpangilio kilivyotoka. Ndani kulikuwa na fujo nyekundu ya grisi yake mwenyewe. Akaiosha kwa mafuta ya taa, taratibu, kwa kitambaa cha Both, na chuma kikaanza kujitokeza.

Hapo Ochola akainama zaidi. Katikati palikuwa na kigurudumu chenye meno, na pembeni yake pande zote kulikuwa na vigurudumu vingine vinne, vidogo, vimekaa ndani ya pete kubwa yenye meno kwa ndani. Aliposhika kimoja na kukizungusha, vyote vilikwenda pamoja, kila kimoja kwa mwendo wake. Alisogeza kijumba cha chuma kilichokaa katikati upande mmoja, mwendo ukabadilika. Akakisogeza tena, ukabadilika tena. Hakuna kilichokuwa kimekufa. Miaka yote ile katika vumbi la Kakuma, na hakuna hata jino moja lililolika, hakuna chembe ya mchanga, wakati cheni yake mwenyewe pale nje ilikuwa ya tatu tangu Krismasi. Kando ya pete aliona viulimi vidogo vya chuma vilivyotakiwa kuinuka na kung'ata, kila kimoja na springi nyembamba kama unywele. Grisi ya malori ilikuwa imevilaza. Hiyo ndiyo sababu pedali zilikanyaga hewa.

"Ni nzuri," akasema polepole. Awut hakujua anasema na nani.

Both aliinama akatazama, akasema kwamba kitu kama kile hakitaki grisi, kinataka mafuta mepesi, kama cherehani. Ochola naye, chini ya uchafu uliokauka kwenye kitovu, alikuwa ameshaona kifuniko kidogo cha chuma cha tundu la mafuta, kama kile anachokiona kila siku kwenye mashine za mafundi nguo. Wakatazamana. Nchi nzima ilikuwa ikichimba mafuta Turkana, na yaliyotakiwa yalikuwa kwenye kichupa juu ya meza. Ochola alipokuwa akirudisha kiulimi cha mwisho, springi yake iliruka ikapotelea mchangani, naye akapiga magoti kuitafuta. Both aliinuka bila haraka, akachukua sumaku anayookotea sindano zilizoanguka, akaiburuta ardhini mpaka springi ikanasa.

Kitovu kilifungika. Pedali zikang'ata. Lakini gia ilikuwa ileile moja, ngumu.

Ochola alilitazama tundu la ekseli, safari hii likiwa safi na akijua kilichomo ndani. Sasa alielewa kazi yake. Kitu kilitakiwa kuingia pale, kishikane na kile kijumba cha katikati na kukivuta. Kisipovutwa, springi inakisukuma mpaka mwisho, kwenye gia ngumu kuliko zote, na hapo kinabaki. Akawaeleza wenzake kwa vidole: kijiti chembamba, chenye hesi nchani kama skrubu, kwa nje kina kicheni kidogo cha kupinda kwenye ekseli, na kicheni kinaungwa na waya unaopanda mpaka kwenye usukani. Kitu kama hicho hakipatikani Lodwar. Labda Nairobi, labda hakuna. Na shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake.

Akageuka. Awut alikuwa ameshika ufunguo wa sanduku la sukari, na alikuwa akimnyooshea kile kicheni chenye kijiti.

Wiki aliyozikwa Wal, alieleza, alikaa na ile baiskeli chumbani maana hakutaka kukaa na watu. Kicheni kilikuwa kikining'inia pale kwenye gurudumu, kikilia kidogo ukikigusa. Alikizungusha kwa vidole kikatoka. Alitaka kitu cha Wal cha kushika mkononi. Waya ulibaki ukining'inia bila kazi, akaukata akafungia mlango, na ile kengele ya usukani isiyolia, ambayo Wal alikuwa akiibonyeza kila wakifika lagani, aliwapa watoto wa jirani wachezee. Haikuwa kengele, Ochola akaelewa; kilikuwa kijiti cha gia.

Ochola aliufungua ufunguo akautia mfukoni, akakitia kicheni tone la mafuta, akakiingiza kwenye tundu, akazungusha. Kilikamata kama mtu anayerudi kitandani kwake. Kisha akaisogeza karibu baiskeli yake, ile ya kung'aa, akafungua kijiti cha gia kwenye fremu yake na kuchomoa waya wake mzima. Both alimuuliza kama ana hakika, kwa sababu bila kijiti hicho gia zote za nje zitakuwa pambo. Ochola alisema anayo hakika. Akakifunga kwenye baiskeli ya Wal, akaunga waya na kicheni, akakaza, akalegeza, akazungusha pedali, akakaza tena, mpaka gia tatu zikaitikia moja baada ya nyingine.

Asubuhi ya kufungua shule, Awut alifunga beseni kwenye karia. Ochola alimfuata kwa miguu mpaka lagani, na Both naye akaja, miwani shingoni. Gia ya ndani haina masharti ya kuzunguka kwanza: unaweza kubadilisha hata umesimama. Awut alisimama kwenye mchanga, akavuta kijiti mpaka mwisho, akaketi na kukanyaga. Baiskeli ikaanza kupanda. Ilikwenda polepole, miguu yake ikizunguka kwa haraka ya ajabu, mgongo umenyooka, na hakushuka. Alifika juu, akapotea nyuma ya miti ya migunga upande wa shule.

Ochola alingoja. Kengele ya mapumziko ililia kwa mbali. Alikuwa ameshika ule ufunguo bila kujua, mtupu, hauna kitu cha kuning'inia.

Awut aliporudi beseni lilikuwa tupu. Alishuka ukingo mpaka mbele yake, akasimama, uso umelowa machozi na hakujisumbua kuufuta.

"Miaka hii yote," akasema, "nilifikiri ni miguu yangu."

Ochola akaishika baiskeli kwa usukani. Kwa kweli alitaka kumshika mkono, lakini watu walikuwa wengi pale kwenye vishimo vya maji. Alirudi naye kibandani, akainamia baiskeli yake mwenyewe iliyobaki bila kijiti, akafupisha cheni na kuikaza kwenye ngazi moja ya katikati, jambo alilokuwa akiwacheka mafundi wengine kwa kulifanya. Zile pingili zilizozidi alizipangusa mafuta, akazifunga kwenye ufunguo wa sanduku la sukari, na kumrudishia Awut.

Awut aliupima mkononi, akasema ni mzito, akaufunga kiunoni. Kisha akammiminia chai.